Mwenyekiti na Kura Zake za Simu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, kisogo chake nilikijua kuliko uso wake. Nilikuwa namsuka kila Ijumaa nyingine katika sebule ya flati yetu ya Al Nahda, Dubai, yeye kakaa chini kwenye mkeka, mimi nyuma yake kwenye kigoda, na simu iko sikioni mwake tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukimwambia inamisha kichwa, anainamisha, lakini simu haitoki. Upande wa kushoto niliusuka kwa taabu sana.

Tulimwita Mwenyekiti. Aliwahi kuongoza chama cha akina mama wa Kikenya, cha kuzikana na kutembeleana wakati wa ugonjwa, na chama kikafa kwa ugomvi kama vinavyokufa vyama vingi, ila cheo alibaki nacho. Hata sisi Watanzania wawili tuliokuwa mle flatini, ambao chama chenyewe hatukukiona, tulimwita hivyo hivyo. Ukimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanavyoitwa akina mama kwao, alikuwa anachelewa kuitika.

Ulimi alikuwa nao. Mimi ni mtu wa Singida, sauti yangu ya chini, nikitaka chumvi naomba kwa maneno mengi, na hilo lilimkera. "Wewe Mbongo," alikuwa akiniambia, "nyinyi mnabembeleza mpaka mwizi." Namjibu, "Na nyinyi mnagombeza mpaka mgonjwa." Anacheka hadi nywele zinanitoka mikononi, halafu ananilaumu mimi kwamba nimelegeza mstari.

Kazi yake ilikuwa mtaa wa Mirdif, yaya na mpishi katika nyumba moja tangu watoto wa pale hawajaota meno. Madam wake alikuwa mtu wa kusikilizana naye. Ijumaa nzima alipewa, jambo ambalo wasichana wengi wa kazi za ndani walilisikia tu kwa wenzao, na dereva wa nyumba alimshusha mpaka mlangoni kwetu. Watoto wale walijua kusema "njoo ule" na "acha ujinga" kabla ya kujua Kiingereza. Alikuwa anawataja kwa kusema "wangu": wangu ana mtihani, wangu kakataa wali. Ilibidi umuulize wangu yupi, wa Mirdif au wa nyumbani.

Kwa sababu wa nyumbani alikuwepo. Alikuwa nao kadhaa, lakini aliyemsema ni mmoja, kitindamimba, binti aliyemwacha kwa bibi yake akiwa anajifunza kuandika. Sasa binti kamaliza sekondari, yuko tu, anafuma vitambaa na kumchungia bibi ng'ombe. Mwenyekiti alikuwa na jambo moja moyoni na hakulificha kwa mtu: madam wake wa Mirdif alikuwa na dada yake Al Warqa, pale jirani kabisa, na huyo dada alimwahidi kwamba msichana wake wa kazi akimaliza mkataba, atamchukua binti. Al Warqa na Mirdif ni pua na mdomo. Dereva ni wale wale, watoto wanatembeleana, sikukuu wanakula sahani moja. Mwenyekiti angemwona mwanawe kila wiki. "Sijamlea," aliniambia, "basi hata nizeeke nikimwangalia."

Hapo ndipo ulipokuwa mkanganyiko wake, na tulimtania nao sana. Mtu huyo huyo aliyetaka kumleta binti, hakutaka kabisa kusikia msichana mwingine anakuja. Akija mgeni pale flati, amefika juzi, macho bado yanashangaa majengo, Mwenyekiti anamkalisha na kumhoji kama polisi. Nani amekuleta? Wakala gani? Umeona nyumba unayokwenda? Kafeel wako ni nani, yaani huyo anayeshika viza yako, unamjua hata jina? Msichana anaanza kulia. Yeye anampa chai na mkate wa mayai, halafu anamwambia, "Ungebaki kwenu." Mwenzangu mmoja akamuuliza, na wako je? Akasema wake haletwi na wakala, wake analetwa na mama yake.

Usidhani alikuwa na roho mbaya. Alikuwa ameona. Sote tuliona, ila yeye ndiye aliyeshughulika. Kuna msichana wa kwao, kijiji cha pili kutoka kwake, aliyetoroka nyumba moja nje ya Dubai na kufikishwa kwetu na dereva wa teksi mwenye huruma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunguzwa kwa pasi. Mwenyekiti alimnywesha uji kwa kijiko, akampeleka kwa wanaohusika, akasimama naye foleni mpaka akapatiwa safari ya kurudi. Siku zote hizo yule mtoto hakusema neno. Siku anaondoka alimwuliza Mwenyekiti kitu kimoja tu, kama mkono utarudi kuwa mkono. Mwenyekiti akamwambia utarudi. Kisha akaingia jikoni kwetu, akasugua jiko la watu wanane, akasugua na kuta, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Akikasirika alikuwa anasafisha. Jiko letu halijawahi kung'aa vile.

Tangu hapo akawa na neno lake: "Mlango wafungwe hawa." Hawa ni mawakala. Alilisema akila, alilisema akisukwa. Na kwa kuwa kwao mambo yote yanaishia kwenye siasa, likaishia huko.

Nieleze hili vizuri, maana sisi Wabongo lilituchekesha kwanza kabla hatujalielewa. Wao pale Dubai hawakuwa na kituo cha kupigia kura. Lakini kwao, mtu aliyetoka ndiye anayeulizwa. Uchaguzi ukikaribia, wazazi, mashemeji, wajomba, wote wanasubiri simu kutoka Dubai: tumpe nani? Na wa Dubai anajibu kwa ukali kana kwamba yumo kwenye chumba cha kura mwenyewe. Kwetu mimi nikimpigia bibi yangu kumwambia amchague fulani, ataniuliza kama nimekula. Mwenyekiti alikuwa na ukoo mzima mkononi, na majirani wa ukoo, na kwaya ya kanisa ya mama yake. Wenzetu Wakenya walisema kwa utani kwamba yule mama ni kata nzima, na haukuwa utani sana.

Basi akatokea mgombea wa ubunge wa kwao aliyefika Dubai kununua vitu vyake, kama wanavyofanya, na akakutana na watu wa jimbo lake katika ukumbi mdogo wa hoteli huko Deira. Nilikwenda kwa sababu ya pilau. Mgombea aliongea barabara, maji, vijana. Mwenyekiti akasimama. Hakusalimia hata. Akamsimulia habari ya mkono wa yule msichana, akamuuliza, "Ukipata, utawafungia mawakala au utakula nao?" Yule bwana akavua miwani, akasema, "Mama, nitasimama bungeni na nitalisema hilo kabla ya lingine lolote." Mwenyekiti akakaa. Jioni ile ile ikaanza kazi.

Niliyasikia yote, mikono yangu iko kichwani mwake. "Hallo, shemeji. Ng'ombe hawajambo? Sasa sikiliza, huyu ni wetu. Hapana, huyo mwingine wacha, huyo ni wa kugawa unga. Huyu ameniahidi mimi, kwa mdomo wake." Anakata, anapiga mwingine. Yule bwana alishinda kwa wembamba wa uzi, na kwa mama yake Mwenyekiti watu walikuja kupongeza kana kwamba aliyechaguliwa ni bintiye.

Na jamani, akatimiza. Mimi katika maisha yangu nimeahidiwa daraja na wabunge watatu na mto wetu bado tunauvuka kwa miguu, lakini huyu alitimiza. Alisimama, akasema. Sisemi ni yeye peke yake, wengi walikuwa wanalia kilio hicho wakati ule, magazeti yao yalijaa habari za wasichana. Lakini haukupita muda mrefu, serikali yao ikapiga marufuku: hakuna msichana wa kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Wakala mzuri, wakala mbaya, asiye na wakala, wote sawa. Ijumaa ile Mwenyekiti alileta keki. Aliikata mwenyewe, akanilisha mimi kipande cha kwanza kwa sababu, alisema, kampeni ilifanywa kichwa chake kikiwa mikononi mwangu.

Keki ile haikuliwa kwa amani. Wakenya wa flati yetu waligawanyika pale pale, na kwangu mimi mgeni wa siasa zao ilikuwa ajabu kuona walivyogawanyika. Wenye kazi tayari, wenye madam wazuri, walisema afadhali, heshima yetu itarudi. Wenye wadogo zao wanaosubiri walikasirika. Na wengine walikuwa na wadogo zao na bado wakasema afadhali. Mlinzi mmoja, kijana mpole wa jengo la jirani, alikuwa amemtafutia dada yake kazi. Akaweka sahani chini. "Mama, wewe ulishaingia," alisema. "Unafunga mlango nyuma yako, na ufunguo unaenda nao." Mwenyekiti akamwambia hajui anachosema, kwamba yeye hajaushika mkono ule. Kijana akasema ameushika wa dada yake, una jembe. Akatoka, na tangu siku ile salamu yake kwa Mwenyekiti ikawa ya kichwa tu.

Nilimuuliza taratibu, na binti je? Alinijibu haraka mno. Ati wa kwake si kama hao. Viza inatoka kwa madam anayejulikana, nyumba inajulikana, mama yupo, mbunge ni wake. Mtu mzima haambiwi jambo ambalo analijua.

Msichana wa Al Warqa akamaliza mkataba, akaenda kwao. Madam yule hakuwa na maneno mengi, alitoa viza na tiketi. Mwenyekiti alinunua mashuka. Alinunua kandambili za ndani na za nje, na mafuta ya nywele, akaniambia nijiandae, nitakuwa na vichwa viwili. Binti akaagwa kanisani, akaombewa, akasindikizwa na gari la mjomba mpaka uwanja wa ndege. Pale kwenye dawati la mwisho afisa akaisoma viza yake, akasoma kazi iliyoandikwa, akamrudishia pasipoti yake. Akamwambia, "Dada, kazi hii imefungwa. Rudi nyumbani." Binti akamwambia anakwenda kwa mama yake. Afisa akamwambia hiyo haijaandikwa hapa.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimefumua nusu ya kichwa alipompigia mheshimiwa, na aliweka sauti ya nje ili mikono yake ipumzike. Yule bwana alipokea. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Aliuliza Dubai kuna joto kiasi gani. Kisha akasema, "Lakini mama, si ni wewe uliyesimama pale ukaniambia nifunge?"

"Nilisema mawakala, mheshimiwa."

"Ndiyo. Na nimefunga. Sasa karatasi haijui wakala na mtoto wako. Imeandikwa wafanyakazi wa ndani, basi."

"Si wewe unajua mimi niko hapa? Si unaweza kumwambia mtu mmoja tu pale uwanjani?"

"Nikimfungulia wako, nitawaambia nini wale waliozika mabinti zao?"

Mwenyekiti akaiangalia simu. Nilingoja atukane, maana nilimjua. Akasema, "Asante, mheshimiwa," akakata. Akainuka na nywele zake nusu zimesimama, akaenda jikoni, akafungua bomba. Hakusafisha kitu. Alisimama tu maji yanamwagika, mpaka nikaenda kuyafunga.

Madam wa Al Warqa alisubiri wiki kadhaa. Ana mtoto mchanga na mwingine anatambaa, angefanyaje? Mwisho akasema khalas, basi yameisha, akamchukua mwanamke wa nchi nyingine. Hakuna wa kumlaumu hapo, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Mwenyekiti kuliko yote, maana alikuwa mtu wa kulaumu. Alijaribu kumlaumu afisa wa uwanja wa ndege, lakini afisa alifanya kile kile alichokitaka yeye. Aliniuliza, "Sasa nimkasirikie nani, Mbongo?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu ambacho hakuwa na jibu lake tayari, na mimi nilikuwa na chanuo tu mkononi.

Kule nyumbani binti alirudi na sanduku lake kwa watu wale wale waliomuombea. Unajua maneno ya vijijini. Ati kaogopa. Ati mama yake hakumtaka. Wakala akamfikia, na mawakala hawakuwa wamekufa, walikuwa wamebadilisha njia tu: unavuka mpaka kwa basi, unapandia ndege nchi ya jirani, hakuna anayekuuliza. Bibi alipoamka asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa. Binti hakuletwa Dubai. Alipelekwa nchi nyingine ya Ghuba, na mji gani hatukujua.

Tangu hapo simu ya Mwenyekiti ilibadilika. Zamani alipiga, sasa akawa anasubiri kupigiwa. Binti alikuwa anapiga mara moja baada ya miezi, kwa simu ya kuazima, anasema haraka haraka. Mama, niko mzima. Mama, usipige namba hii. Mara moja nilikuwepo. Mwenyekiti alimuuliza, "Dirishani unaona nini? Niambie unachoona dirishani." Binti akasema dirisha haliko, na simu ikakatika. Mwenyekiti aliendelea kuishika sikioni. Nililia mimi. Yeye aliniambia nimalize mstari.

Alikwenda kwenye ofisi walizomwelekeza. Wakamwambia binti hayumo katika waliotoka, kwa hiyo kwao bado yuko nyumbani. Walioishika pasipoti yake, wakala na mwajiri, Mwenyekiti hakuwajua hata majina. Alimwomba madam wake wa Mirdif, na yule mama wa watu alipiga simu kwa anaowajua, lakini nchi ile ni nyingine. Akampigia tena mheshimiwa. Safari hii mheshimiwa aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, na habari yote. Alisema, "Nipe muda, mama." Akawa anampa. Kila akimpigia, hupokea mara moja kati ya nyingi, na anasema bado anafuatilia.

Tulitengana bila ugomvi wala kwaheri. Kliniki niliyokuwa nafanya usafi ilinihamisha, nikahama flati, na ukihama Al Nahda ndiyo umehama dunia. Nilisikia kwamba haji tena Ijumaa. Alimwomba madam wake abaki nyumbani siku zote saba, kwa sababu pale simu inashika vizuri.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi, nje ya duka la vyakula huko Mirdif. Nilikuwa nimekwenda kufanya usafi wa kibarua kwa familia moja. Alikuwa amekaa kwenye benchi ya kivuli anamsubiri dereva, mifuko miguuni, na amekonda shingo. Aliniona yeye kwanza. "Mbongo," alisema, "bado unaomba chumvi kwa barua?" Tukacheka, nikakaa.

Sikuuliza. Alinijibu mwenyewe kwamba bado, kwamba mwaka huu hajasikia sauti. Halafu simu yake ikalia na ilikuwa ya kaka yake, maana kwao uchaguzi ulikuwa umefika tena. Sauti ya kaka ilikuwa kubwa, niliisikia yote. Anasema watu wanamuuliza, Dubai wamesema nini? Yuko mgombea mpya, kijana, ameahidi kufungua njia, wasichana waende tena kwa utaratibu na ulinzi. Mji mzima unamtaka. Nikajua jibu. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

"Mpeni yule yule," alisema Mwenyekiti.

Kaka akauliza, "Yule? Yule aliyefunga?"

"Huyo. Mwambie na mama, na watu wa kwaya."

Alipokata, nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, Mwenyekiti, huyo mwingine si anafungua?

"Afungue. Wangu si alishatoka?" Alikuwa anaongea bila ukali, kama mtu anayemweleza mtoto. "Huyu ana jina la mtoto. Ana namba yangu. Akishindwa, si anakuwa mtu tu? Atapokea simu yangu kwa nini? Huyo mpya nitamweleza tangu wapi, nimwambie nini, nisimame ukumbi gani?"

"Na huyu," nikamuuliza, "amewahi kukusaidia kitu?"

"Hapana," alisema.

Alinipa mfuko wa mayai nimshikie, akatafuta namba ya shemeji yake, akaanza kwa kumuuliza hali ya ng'ombe.